Jinsi ya Kufuatilia Maji Yanayoingia Ndani ya Gari la Zamani na Kuyakomesha

Dalili ya kwanza mara nyingi ni harufu. Gari lililofungwa usiku kucha linafunguliwa asubuhi na kutoa harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi, vioo vimejaa mvuke upande wa ndani, na mkono ukipitishwa chini ya kiti unarudi na unyevu. Wengi huanika mazulia ya juu juani, hupuliza manukato na kuendelea na safari, huku maji yenyewe yakibaki chini ya kapeti. Baada ya muda bati la sakafu huanza kuota kutu kutoka ndani, viungio vya nyaya vinavyopita sakafuni hugeuka rangi ya kijani, na hitilafu za umeme zisizoeleweka hujitokeza moja baada ya nyingine. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifuata njia ya maji mpaka mahali yanapoingilia, na namna ya kupatengeneza.

Kanuni moja itangulie hatua zote: usizibe kitu chochote kabla hujayaona maji yakiingia kwa macho yako. Gari halikuundwa kuyazuia maji yote yabaki nje. Yanayoteremka kwenye kioo cha mlango huingia ndani ya mlango, yanayoteremka kwenye kioo cha mbele huingia kwenye mfereji ulio chini ya waipa, na yanayopita kando ya kidirisha cha paa hupokewa na trei inayokizunguka. Kila mahali pa kupokelea maji pana tundu la kuyatolea. Katika gari la zamani, tatizo la mara kwa mara ni tundu la kutolea lililoziba, wala si tundu jipya lililotoboka, na mtu anayepaka silikoni kila anapoona mstari wa kutilia shaka huweza kuziba hata njia ambayo maji yalikuwa yakitokea.

Nilijifunza hili kwa gari langu mwenyewe. Sakafu ya abiria wa mbele ililowa kila mvua iliponyesha, na fundi niliyempelekea alipaka silikoni kuzunguka kioo chote cha mbele. Mvua iliyofuata, maji yakarudi palepale. Akapaka tena, nayo yakarudi tena. Mwishowe nililala chali sakafuni, kichwa kikiwa chini ya dashibodi na tochi mkononi, huku ndugu yangu akimwaga maji polepole chini ya waipa. Niliona tone likijikusanya kwenye kichwa cha boliti inayoshikilia nyumba ya feni, likanenepa, likaning'inia, likadondoka. Kisha likafuata jingine. Kioo hakikuwa na kosa lolote. Mfereji ulikuwa umejaa tope jeusi la majani yaliyooza, na maji yaliyokosa pa kutokea yalipanda mpaka yakafikia mdomo wa kuingizia hewa, yakamwagikia ndani. Kuusafisha ilikuwa kazi ya mikono mitupu na ndoo moja. Kuibandua silikoni ile kulinichukua siku mbili.

Hatua ya kwanza: tambua ni maji gani na huja wakati gani

Chukua karatasi nyeupe ya kufutia, ikandamize mahali palipolowa na uitazame kwenye mwanga. Maji ya mvua huacha doa lisilo na rangi, au la kahawia kidogo kwa sababu ya vumbi. Maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa ya kupozea injini huwa na rangi, iwe kijani, nyekundu, waridi au buluu, huteleza kati ya vidole na hutoa harufu tamu. Gari lenye tatizo hilo huweka utando wa mafuta upande wa ndani wa kioo cha mbele, ambao kitambaa kikavu huusambaza tu bila kuuondoa, na maji ya rejeta hupungua bila kuonekana yanakokwenda. Hapo kinachovuja ni rejeta ndogo ya hita iliyomo ndani ya dashibodi, au mipira inayoiunganisha na injini. Usiyaonje kamwe ili kuthibitisha, kwa kuwa dawa nyingi za kupozea injini hutengenezwa kwa ethilini glikoli, ambayo ni sumu kali kwa binadamu na wanyama. Futa kila tone lililoanguka mahali ambapo mtoto au mbwa anaweza kufika.

Maji safi yasiyo na harufu, yanayoonekana hata siku za jua kali mradi kiyoyozi kimewashwa, ni ya kiyoyozi chenyewe. Maji yenye povu au harufu ya sabuni ni ya kuoshea kioo. Ukikuta kimiminika chenye mafuta kwenye ukuta ulio nyuma ya pedali, huenda ni mafuta ya breki au ya klachi. Hilo ni suala la usalama, na gari lisiendeshwe mpaka lichunguzwe na fundi.

Ukishajua kwamba ni maji ya mvua, jiulize yanakuja wakati gani, kwa sababu majibu ya swali hilo hupunguza kazi kuliko chombo chochote. Gari linalolowa likiwa limeegeshwa tu linapokea maji kutoka juu: paa, vioo, milango, mfereji wa waipa. Gari linalobaki kavu likiegeshwa mvuani lakini likalowa baada ya kupita barabara yenye madimbwi linapokea maji kutoka chini, yaani kwenye sakafu yenyewe au nyuma ya plastiki za matao ya magurudumu. Likilowa pale tu linapoegeshwa kwenye mteremko, angalia lilikuwa limeelekea wapi, kwa kuwa mfereji unaotoa maji vizuri kwenye tambarare unaweza kufurika gari likiinama upande mmoja. Na ikiwa maji humwagika kutoka kwenye kitambaa cha paa unaposhika breki au kukata kona, kuna maji yaliyotuama juu ya kichwa chako, na mshukiwa wa kwanza ni kidirisha cha paa.

Hatua ya pili: fungua sakafu

Haiwezekani kuifuata njia ya maji ilhali kapeti limeifunika. Chini ya kapeti la gari kuna tabaka la sponji au pamba nzito linalonyonya lita kadhaa za maji na kuyasafirisha mbali na yalikoingilia. Ndiyo maana abiria wa nyuma anaweza kulowa miguu kwa maji yaliyoingilia kwenye kioo cha mbele. Kapeti likiguswa juu linaweza kuonekana kavu huku sponji iliyo chini ikiwa imejaa.

Ondoa mazulia ya juu, kisha fungua plastiki za vizingiti vya milango, ambazo mara nyingi hushikwa na klipu zinazochomoka kwa kuvutwa juu. Katika gari la zamani klipu hizo huwa zimekakamaa na huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo fanya kazi hii gari likiwa limepata joto la jua, na tumia kipande cha plastiki ngumu badala ya bisibisi ili usichubue rangi. Katika magari mengi ni lazima viti vitolewe ndipo kapeti linyanyuke vizuri. Ikiwa kiti kina mfuko wa hewa wa usalama au vikaza mikanda, ondoa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, ndipo uchomoe kiungio cha nyaya chini ya kiti. Viungio vya mifuko ya hewa kwa kawaida huwa na rangi ya njano. Usiwashe swichi ya gari kabla hujavirudisha, isipokuwa kama hatua ya tano inavyoeleza; majaribio yanayohitaji feni au kiyoyozi yafanye kabla ya kutoa viti au baada ya kuvirudisha.

Kapeti likishanyanyuka, tazama bati kabla ya kulifuta. Maji huacha maandishi yake: mstari wa vumbi ulioteremka kwenye ukuta, ukingo wa chumvichumvi mahali dimbwi lilipokauka, michirizi ya kutu inayoanzia kwenye boliti fulani. Piga picha za alama hizi, kwani ukishasafisha hutazipata tena. Kisha nyonya maji yote, ukaushe bati kwa kitambaa, na utandaze karatasi nyeupe au magazeti sakafuni kote hadi kwenye kuta. Kuanzia hapa kila tone litajionyesha.

Hatua ya tatu: mwagilia kutoka chini kwenda juu

Kazi hii inahitaji watu wawili, mmoja nje na mpira wa maji, mwingine ndani na tochi. Ondoa mdomo wa kurushia maji kwa nguvu, acha maji yatoke polepole kama yanavyoteremka ya mvua. Pampu ya kuoshea magari haifai kabisa hapa, kwa sababu husukuma maji hata mahali ambapo mvua haijawahi kufika, na utajikuta unatibu ugonjwa ambao gari halina.

Anza chini kabisa. Mwagilia kizingiti na sehemu ya chini ya mlango kwa dakika tano hadi kumi, subiri, muulize aliye ndani ameona nini, kisha panda kidogo: katikati ya mlango, ukingo wa kioo chake, kona ya chini ya kioo cha mbele, mfereji wa waipa, ukingo wa juu wa kioo, na mwisho paa. Ukianza kwenye paa, maji yatateremka kupitia sehemu zote kwa pamoja na hutajua ni ipi iliyovuja. Subira ndiyo sehemu ngumu ya hatua hii. Maji yanayopita kwenye ufa mwembamba, yakajaza shimo la ndani ya nguzo inayoshikilia paa, kisha yakafurika sakafuni, yanaweza kuchukua robo saa kabla ya kuonekana, na wengi huhamisha mpira mapema mno wakahukumu mahali pasipohusika.

Aliye ndani asiangalie sakafu peke yake. Apitishe vidole nyuma ya dashibodi, kando ya nguzo za mbele na kwenye mipira inayopitisha nyaya ukutani. Akiona tone, alifuate kwa kwenda juu, si chini, akifuta kila hatua ili ajue lililo jipya. Poda ya watoto ikinyunyizwa kwenye bati kavu husaidia sana, kwa kuwa tone likipita huchora mstari unaosomeka waziwazi.

Kwa mipira ya milango kuna jaribio lisilohitaji maji. Weka kipande cha karatasi kwenye ukingo wa mlango, funga mlango, kisha ukivute. Mahali mpira unapobana vizuri karatasi huvutika kwa shida. Mahali palipolegea huteleza bila kupinga. Zungusha jaribio hili mlango mzima na utie alama kwa chaki pale penye ulegevu. Upepo pia hutumika: funga vioo vyote, washa feni kwa nguvu ya mwisho ikivuta hewa ya nje, halafu pakaa maji ya sabuni kwenye mipira na kingo za vioo upande wa nje. Mapovu yakifura, hewa inapita hapo, na panapopita hewa maji nayo huweza kupita.

Hatua ya nne: tengeneza palipopatikana

*Mfereji wa chini ya waipa.* Nauweka mbele kwa sababu ndio unaosahaulika zaidi, hasa kwa magari yanayolala chini ya miti. Toa waipa na kifuniko cha plastiki kilicho kati ya boneti na kioo, utoe majani kwa mkono, kisha tafuta matundu ya kutolea maji kwenye kona zote mbili. Baadhi yana mpira mwembamba wenye midomo iliyobanana, na tope likijaa mdomo haufunguki tena. Uvute nje, uuoshe na uurudishe. Mwaga ndoo ya maji na uhakikishe yanatoka chini ya gari haraka kama yalivyomwagwa. Ukiwa hapo, chunguza filta ya hewa ya ndani ikiwa gari linayo, kwani filta iliyorudishwa bila mpira au kifuniko chake kukaa sawasawa hufungulia maji njia ya kuingia moja kwa moja kwenye feni.

*Milango.* Hapa panahitaji maelezo marefu, maana dalili zake hudanganya. Mlango wenye afya huingiza maji kila mvua inaponyesha: hupita kando ya mpira unaofuta kioo, huteremka ndani, na hutoka kwenye matundu madogo yaliyo kwenye ukingo wa chini. Kinachoyazuia yasije upande wa abiria ni karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwenye bati, nyuma ya kava la ndani la mlango. Mtu yeyote aliyewahi kubadilisha mota ya kioo, spika au kitasa aliibandua, na mara nyingi hakuibandika ilivyokuwa. Pengine aliitupa akidhani ni karatasi ya kiwandani isiyo na kazi. Matokeo yake ni maji yanayoteremka nyuma ya kava na kumwagikia juu ya kizingiti, upande wa ndani wa mpira wa mlango. Mwenye gari hununua mpira mpya wa mlango na sakafu inaendelea kulowa.

Fungua kava, mwagilia kioo kutoka nje na utazame. Katika mlango mmoja niliowahi kuufungua, plastiki ilikuwa imeachia gundi kwenye kona ya chini tu, pengo lisilozidi upana wa kidole gumba, na maji yalitoka hapo kama uzi usiokatika, yakifuata mkunjo wa plastiki mpaka kwenye spika. Kwanza zibua matundu ya chini kwa kijiti au waya laini. Kisha safisha gundi ya zamani, na ubandike plastiki upya kwa utepe wa butili, ambao hubaki laini na kunata miaka mingi na huruhusu kufunguliwa tena. Ikiwa plastiki imechanika, kata mpya kutoka kwenye karatasi nene ya nailoni kwa kufuata umbo la ile ya zamani. Ukingo wake wa chini uingizwe ndani ya mlango, katika mwanya ulioachwa kwa ajili hiyo, ili maji yanayoteremka juu ya plastiki yarudi ndani ya mlango badala ya kutokea upande wa abiria. Ukibandika ukingo huo juu ya bati, umeelekeza maji miguuni mwa abiria.

Mpira wa mlango wenyewe, ukiwa haujapasuka wala kubapa kabisa, huoshwa kwa maji ya sabuni na kupakwa grisi ya silikoni. Mara nyingi kosa liko kwenye bawaba zilizochoka au kishikio cha kufuli kilichosogea, yaani kile chuma kilicho kwenye nguzo ambacho kufuli la mlango hukinasa. Tia alama mahali kilipo, legeza boliti zake, kisogeze ndani milimita moja au mbili na ujaribu tena kwa karatasi.

*Kioo cha mbele na cha nyuma.* Kioo kilichoshikwa na mpira, kama ilivyo kwa magari ya zamani zaidi, huweza kuzibwa kwa gundi laini isiyokauka inayoingizwa kati ya mpira na bati, na kati ya mpira na kioo. Kioo kilichobandikwa kwa gundi ya poliyurethani ni jambo jingine. Kioo hicho husaidia kuupa mwili wa gari uimara, na katika magari mengi ndicho kinachoegemewa na mfuko wa hewa wa abiria unapofumuka, hivyo kukitoa na kukirudisha ni kazi ya fundi wa vioo mwenye gundi inayostahili, naye akueleze ni saa ngapi gari lisubiri kabla ya kuendeshwa. Mwombe akuonyeshe bati kabla hajabandika. Likiwa na kutu, gundi mpya itashika kutu badala ya bati na maji yatarudi. Kutu iondolewe hadi chuma kionekane, na bati lipakwe rangi ya msingi. Usitumie silikoni ya kawaida yenye harufu ya siki mahali popote kwenye bati, kwa kuwa tindikali inayotoka inapokauka hula chuma, na mabaki yake huzuia gundi nyingine na rangi zisishike.

*Kidirisha cha paa.* Kwa kawaida trei yake ina mipira midogo ya kutolea maji kwenye kona, ya mbele ikishukia ndani ya nguzo za kioo cha mbele na ya nyuma ikishukia kwenye nguzo za nyuma. Fungua kidirisha, mwaga kikombe cha maji kwenye kila kona na uangalie yanatokea wapi chini ya gari. Yakisimama, ingiza waya wa nailoni wa kukatia majani, taratibu, ukizungusha. Upepo wa kompresa usitumike, maana unaweza kuuchomoa mpira kutoka kwenye trei ndani ya nguzo usikofikika, na hapo tatizo dogo limekuwa la kushusha dari nzima.

*Buti.* Tazama kwanza shimo la tairi la akiba, kwani maji yote ya nyuma huishia humo. Gasketi za taa za nyuma hukauka na kubapa. Toa taa, safisha uso wa bati na uweke gasketi mpya au utepe wa butili. Taa ya breki ya juu, boliti za nembo, mpira wa buti na viungo vya bati vilivyo kwenye mfereji wa paa vifuate. Nyuma ya bampa kuna matundu ya kutolea hewa yenye vifuniko laini vya mpira, na sponji inayoyazunguka ikioza, maji yanayorushwa na magurudumu huingia humo. Magari yenye waipa ya nyuma hupitisha mpira mwembamba wa maji ya kuoshea kioo karibu na bawaba, unaokunjwa kila mlango unapofunguliwa. Ukikatika, maji huvuja kila swichi inapobonyezwa. Njia ya haraka ya kuichunguza buti ni mtu mzima kujifungia humo na tochi huku mwingine akimwagilia, mradi viti vya nyuma vimelazwa ili aweze kutoka.

*Sakafu na matao ya magurudumu.* Sakafu ina vizibo vya mpira kwenye matundu yaliyotumika kiwandani kutolea rangi ya kuchovya. Vikikakamaa, badilisha. Toa pia plastiki ya ndani ya madigadi ya mbele, kwa kuwa nyuma yake hujificha tope ambalo hubaki na unyevu mwaka mzima na kulitoboa bati chini ya nguzo ya mlango. Bati lililotoboka halizibwi kwa gundi. Hukatwa na kuchomelewa jipya, hasa karibu na viti na mikanda.

*Kiyoyozi na hita.* Siku yenye unyevu, washa kiyoyozi na utazame chini ya gari upande wa ukuta wa injini. Yasipodondoka maji, mpira wa kuyatolea umeziba. Utafute kutoka chini na uingize waya laini kwa umbali mfupi tu, usije ukatoboa kipozeo kilicho juu yake. Rejeta ya hita iliyotoboka hubadilishwa. Kwa muda, katika magari mengi, mipira yake miwili inaweza kuunganishwa pamoja upande wa injini, injini ikiwa imepoa, ili maji yasipite tena ndani. Dereva ajue kwamba hata uwezo wa kuondoa mvuke kwenye kioo cha mbele umepungua.

Hatua ya tano: kausha, kisha jaribu tena

Sponji ya chini ya kapeti haikauki ikiwa imelala kwenye bati, hata gari likiachwa wazi juani kwa wiki. Itoe, ioshe kwa maji na sabuni kidogo, ikamue kwa kuikanyaga, na uianike ikiwa imesimama ili upepo upite pande zote. Iliyoota kuvu ndani itupwe, kwani harufu yake haiondoki kwa dawa. Wakati inakauka, piga bati kwa brashi ya waya na msasa, paka dawa ya kutu palipoliwa kidogo, kisha rangi. Kagua viungio vya nyaya na sanduku lolote la kompyuta lililo chini ya kiti au kapeti. Lililoingiwa na maji likaushwe huku betri ikiwa imetolewa, wala lisiwashwe kwa kujaribu.

Rudia jaribio la maji kwa mpangilio uleule, chini kwenda juu, ukizingatia zaidi ulipotengeneza lakini bila kuziacha sehemu nyingine, kwa kuwa gari la zamani mara nyingi huvuja mahali pawili na kubwa huficha dogo. Ukisharidhika, rudisha kiti cha dereva tu, ukiunganisha viungio vyake vyote ndipo uwashe swichi. Taa ya mifuko ya hewa inaweza kubaki ikiwaka kwa sababu ya kiti kisichokuwepo, na huenda ikahitaji kufutwa kwa mashine ya fundi. Acha karatasi nyeupe sakafuni, uendeshe na kuegesha gari hivyo katika mvua mbili au tatu za kweli, na kila mara uzitazame kabla jua halijazikausha. Zikitoka kavu zote, rudisha sponji, kapeti na kiti kilichobaki.